Mwaka wa Viatu vya Kwato

Siku ya kumaliza kilio cha shangazi Mapendo, mwezi uliopita, nilimwona Furaha nyuma ya nyumba, kwenye mafiga, anasonga bugali pamoja na wanawake wa kanisa. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa huzuni wala haya. Nilijiuliza: huyu amefuata nini hapa? Halafu nikajiambia kwamba bugali ya sufuria ile sitaigusa. Mnisamehe, ndivyo nilivyo. Kazi yangu ni kupekua mizigo bandarini Kalundu, na mtu akinichekea kabla sijamwambia afungue mfuko, mfuko wake ndio ninaoanza nao. Watoto wangu hunitania kwamba hata zawadi ya Noeli naigeuza chini juu kabla ya kusema aksanti. Lakini sikuzaliwa hivi, jamani. Nilijifunza kushuku watu katika mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka kumi na tisa, na sababu yake ilikuwa jozi moja ya viatu. Furaha ndiye niliyemfanyia mazoezi. Siku ile ya kilio tulikuwa hatujasemeshana kwa miaka ishirini na miwili.

Klabu yetu ya kinga, yaani baiskeli kama wanavyosema wengine, ilikuwa na chumba kimoja hapa Kilibula, nyuma ya mashine ya kusaga mihogo. Kila kitu mle ndani kilikuwa cheupe kwa unga: viti, magurudumu yaliyoning'inizwa ukutani, hata nywele za kocha Amuri. Tulikuwa wavulana saba na wasichana wawili, mimi na Furaha. Tukitoka mazoezini asubuhi tulikaa sakafuni tukila mihogo ya kuchemsha na karanga kutoka sinia moja, na kupitia ukutani tuliwasikia wanawake waliopanga foleni ya kusaga wakitujadili. "Hawa mabinti watazaa kweli, na ile kiti inawapiga pale?" Tulicheka mpaka karanga zikatupalia. Furaha alizaliwa huko juu, Milimani, kwenye ng'ombe na baridi, akashuka Uvira kuuza maziwa. Alikuwa akipanda na kushuka mlima na madebe mawili nyuma ya kinga kila siku, ndiyo maana kwenye vilima hakuna aliyemgusa. Mimi nilikuwa mtu wa tambarare, mtu wa kukimbiza mita za mwisho. Kocha alisema tungeunganishwa tungekuwa mwanariadha mmoja kamili, na sisi tulikubaliana naye, kwa sababu hata kitambaa cha kufutia jasho tulikuwa nacho kimoja.

Kisha viatu vikaja. Mkimbiza kinga mmoja wa Bujumbura alikuwa ameacha mashindano baada ya kuoa, akampa kocha viatu vyake vya mashindano pamoja na pedali zake. Namba thelathini na tisa: kwa wavulana vidogo, kwetu sisi wawili sawasawa. Vilikuwa vyeupe, vina mkanda mwekundu wa kukaza juu, vyepesi mpaka nilidhani kuna kitu kimesahauliwa ndani. Soli ilikuwa ya kaboni, nyeusi, ngumu, haikunjiki hata ukikanyaga jiwe. Na chini yake, penye mpira wa mguu, palikuwa na kipande cha plastiki kilichofungwa kwa skurubu tatu. Kipande hicho ndicho kinachoingia kwenye pedali na kuuma, kla!, mguu na kinga vikawa kitu kimoja. Ili kutoka unazungusha kisigino upande wa nje. Aliyezoea hasukumi pedali tu, anaivuta pia wakati inapanda. Mara ya kwanza nilipovivaa na kutembea kwenye sementi, Furaha alikaa chini kwa kucheka. "Eh, Riziki, sikia! Unatembea sawa mbuzi. Hii haiko viatu, hii ni kwato!" Jina likabaki hilo. Kocha akatoa amri ya kila jumapili, dimanshi yetu: "Viatu ni moja, miguu iko mine. Mwenye atatangulia dimanshi, njo atavaa kwato ile wiki." Tangu siku hiyo vitambaa vya jasho vikawa viwili.

Nikifikiria leo, hatukugombana hata mara moja juu ya viatu, na hilo ndilo lililokuwa baya. Tungegombana yangekwisha. Badala yake tulianza kuangaliana. Wiki ya Furaha ikiisha alivileta vimefutwa, vimejazwa magazeti ndani ili visipoteze umbo, nami nilivipokea nikavichunguza mkanda kwa mkanda, kana kwamba nimemkopesha mtu nisiyemjua. Yeye naye nilipomrudishia alinusa ndani. "Umevitia mafuta gani?" "Sikutia kitu." "Haya." Wavulana waliona, wakaanza kuchochea. Mmoja alininong'oneza kwamba watu wa Milimani hawasahau kushindwa. Mwingine, bila shaka, alimnong'oneza Furaha kwamba sisi wa ziwani ni wajanja. Nilisikia na sikukataa. Naona aibu kuandika hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa: neno liliponifaa nililiacha likae.

Mwezi wa kiangazi likatangazwa shindano la kutoka Uvira mpaka Kamanyola, na msichana wa kwanza angepelekwa Bukavu kukimbilia timu ya jimbo. Nafasi ilikuwa moja. Dimanshi ya mwisho kabla ya shindano nilimshinda Furaha kwa urefu wa gurudumu, kwato zikawa zangu. Alichelewa, akaja kunikabidhi nyumbani kwa shangazi alhamisi jioni. Nakumbuka chumba kile: kitanda changu, picha ya Bwana Yesu iliyoliwa na nondo pembeni, mkeka, na shangazi Mapendo mlangoni akichambua sombe, majani ya mihogo. Furaha alifungua mfuko, akatoa kisu chake kidogo cha kukatia viraka vya mpira, akachokoa kijiwe kilichokwama chini ya plastiki. "Sasa iko safi," akasema. "Kimbia vizuri." Alinitazama kidogo kuliko kawaida, au ni mimi niliyeamua baadaye kwamba alinitazama kidogo kuliko kawaida.

Alipoondoka nilivivaa ili nimwonyeshe shangazi. Hatua tatu kwenye sementi, nikateleza, nikashika ukuta. Bado kidogo niangukie mbabula yenye makaa. Shangazi alitupa sombe chini. "Mama yangu! Ile viatu itakuua, minye nakuambia! Na tena haijashonwa bado!" Lazima nieleze hapa. Kwetu kiatu kipya hakivaliwi mpaka kipite kwa kordonie, fundi wa viatu. Vinavyofika huku vimebandikwa gundi tu, na gundi haiwezi jua la Uvira. Ukinunua leo, kesho unampelekea fundi azungushe uzi pembeni yote, ndipo utoke navyo. Mtoto anayevaa kiatu kisichoshonwa huonekana hana mtu wa kumtunza. Nilicheka. "Shangazi, hivi si vya kushona. Hivi ni vya kinga." Hakucheka. Akaokota sombe yake, jani moja moja.

Jumamosi ya shindano tulianzia Kavimvira kabla jua halijawa kali. Nilipoingiza mguu kwenye pedali nilisikia ka, si kla, na mguu uliingia upesi kuliko siku zote. Nilifurahi! Nikafikiri hatimaye nimezoea. Tulipita Kiliba, tukapita Sange watu wakiwa wamesimama kando wakituita majina ya wachumba, tukapita malori na ng'ombe na mpunga ulioanikwa kwenye maturubai ukingoni mwa lami. Kufika karibu na Kamanyola tulibaki watatu mbele: mimi, Furaha, na msichana mmoja wa Sange. Furaha alikuwa na viatu vya kawaida, vya turubai, miguu imefungwa kwa kamba za mpira. Nilipoona watu wengi mbele na kitambaa cha mwisho wa mbio, nilisimama juu ya pedali na kuvuta kwa nguvu zangu zote. Mguu wa kulia ukachomoka kwenye pedali, kama mtu anayefungua mlango akakuta hakuna sakafu mbele yake. Nilikwenda chini juu ya mpunga wa watu. Nilisikia mfupa wa bega ukilia.

Sasa sikilizeni alichofanya Furaha, kwa maana nimekieleza vibaya kwa miaka ishirini na miwili. Alisimama. Palibaki mita mia mbili, nafasi ya Bukavu iko mbele yake, naye alitupa kinga yake na kurudi. Msichana wa Sange akapita. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa bado umeumwa na pedali, umepinda vibaya, na Furaha alipiga magoti, akafungua mkanda, akanivua kiatu. "Pumua, Riziki. Pumua." Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lakini mimi, nikiwa chini na mpunga mdomoni, niliwaza: mbona ana haraka ya kuchukua kiatu?

Kwenye chumba cha muuguzi pale Kamanyola, kocha Amuri aligeuza kiatu cha kulia, akakipeleka dirishani. Ukingo wa plastiki ulikuwa umekatwa kwa kisu, pole pole, pande zote, alama bado mpya. Kisha kidole chake kikakuta kitu kwenye ukingo wa soli. Ncha ya sindano, imevunjikia ndani. Kisu tungeweza kukiita wivu. Sindano ndani ya kiatu cha mtu, kwetu, ina jina lingine, na mvulana mmoja wa klabu alilitaja mlangoni, si kwa sauti kubwa, ila muuguzi aliweka chini bandeji. Uchawi. Wakati huohuo Furaha aliingia na kikombe cha uji alichoniombea kwa jirani. Alikishika kwa mikono miwili. Wote walinigeukia, wanangoja nitafanya nini.

Nilimwambia: "Onja weye kwanza."

Asiyetoka kwetu hatajua uzito wa maneno hayo. Ni kumwambia mtu kwamba unamwona anaweza kukutilia sumu. Furaha aliniangalia, akaonja, akameza, akafungua mdomo ili watu wote waone. "Minye sikugusa ile viatu yako, Riziki. Mungu iko anasikia." Akaweka kikombe kwenye dirisha, akatoka. Sikuunywa. Bukavu alikwenda yule wa Sange. Kwenye klabu hakuna aliyemfukuza Furaha. Walihamisha tu sinia la mihogo kila alipokaa, mpaka siku moja hakuja tena. Watu waliacha kununua maziwa yake katika barabara tatu za kartie yetu, yaani mtaa. Mimi nilikuwa kitandani na bega langu, na kila aliyekuja kunipa pole nilimsimulia tena kuhusu kisu cha viraka, na kila mara kisu kilikuwa kirefu zaidi.

Na shangazi? Siku nilipoletwa nyumbani watu walijaa uani wakizungumzia sindano. Yeye alisimama na jagi la maji mkononi, akamwaga maji mpaka kikombe kikafurika na sahani ikafurika. Nilidhani ni uchungu wa kuniona nimevunjika. Tangu hapo akawa na safari zake. Jumamosi kwa jumamosi alifunika sahani ya ndagala, dagaa wa ziwani, kwa kitambaa, akatoka bila kusema anakwenda wapi, nami nilimfuata mara moja, nikamwona anaingia kwenye parseli, ua wa nyumba aliyopanga Furaha. Nilishtuka, kisha nikapata maelezo yaliyoniridhisha: shangazi anambembeleza mchawi asitumalize. Nikampenda zaidi kwa ujasiri huo. Nilishuku dunia nzima mwaka ule, wavulana, kocha, yule wa Sange, mpaka muuguzi. Mtu aliyenipenda hakuingia kwenye hesabu.

Narudi kwenye kilio. Nilikuwa nimeketi chini ya turubai la bluu, nangoja mchungaji aniite nitoe neno la familia, pakaja Mzee Kashindi, kordonie wa kona, ambaye sasa haoni vizuri na bado anashona. Akakaa kiti cha karibu, akanishika mkono. "Binti yangu, huyu mama alinijua. Kila kiatu cha nyumba hii kilipita kwangu. Unakumbuka ile yako ya plastiki?" Nikamwambia sikumbuki kiatu cha plastiki. "Ile nyeupe, ya mashindano! Alikuja nayo ijumaa, weye hauko nyumbani, anasema, Kashindi, shona, mtoto wangu asichekwe, na tena anateleza. Minye nikajaribu. Ile soli, binti yangu, ile soli si ya muntu! Ikavunja sindano ya kwanza. Ikavunja ya pili, na kipande kikabaki mule. Nikaona haya kumurudishia mama kazi bure. Njo nikachukua kisu, nikapunguza ile plastiki ya chini, pole pole, iwe na makali isiteleze." Akatabasamu, mzee wa watu, akiwa na fahari ya kazi yake. "Hakuniletea lawama hata siku moja. Ilikusaidia?"

Nilisema ndiyo. Kwanza, na mnicheke mkitaka, nilimshuku yeye: nani amemtuma mzee huyu aseme hivi leo? Halafu nikaona tena jagi mkononi mwa shangazi na kikombe kinavyofurika, na kila kitu kikakaa mahali pake, na nikasikia joto la aibu likipanda kutoka miguuni. Niliinuka, nikaenda nyuma kwenye mafiga. Furaha alikuwa anafuta mwiko. Ana mvi sasa kwenye paji la uso.

"Ulijua?" nikamuuliza.

Hakuuliza ninasema juu ya nini, wala hakuniita Riziki; aliniita kwa jina la mwanangu wa kwanza. "Nilijua, Mama Neema. Alinieleza mwezi uleule, na ndagala yake mukononi. Alilia sana. Aliniomba nimuachie, atakuambia yeye mwenyewe."

"Na wewe ukakaa kimya? Miaka yote hii?"

"Ningesema, nani angesadiki minye? Weye?" Akageuza bugali. "Nikamungojea. Kila jumamosi anasema, Furaha, wiki hii nitamwambia. Mupaka juzi."

Mbele ya nyumba mchungaji alikuwa anaita jina langu. Nataka nieleze vizuri hali niliyokuwa nayo, kwa sababu ndiyo niliyoandikia sura hii. Watu walijaa, hata kocha Amuri alikuwepo na fimbo yake, na wale wavulana, wanaume wenye matumbo sasa. Walikuja kusikia wema wa shangazi Mapendo, na wema wake haukuwa uongo: alinilea, alinipa nyama yake. Kumtaja kwa kosa siku ya kumaliza kilio chake, mbele ya jamaa, ni kumvua nguo mtu asiyeweza kujifunika. Na kunyamaza ilikuwa kufanya alichofanya yeye, jumamosi nyingine tena. Nilitamani mtu mwingine afe ili nisisimame. Nilisimama.

Nikasema shangazi yangu alinipenda mpaka akapeleka viatu vyangu kushonwa nisichekwe. Watu wakaguna kwa furaha, hiyo wanaijua. Nikasema sindano ilikuwa ya Mzee Kashindi, na kisu kilikuwa chake, na kwamba alifanya kazi aliyoombwa kwa upendo. Nikasema shangazi alijua, akaogopa, na hofu yake ilimla mtu mwingine. "Furaha hakugusa viatu vyangu. Mimi ndiye niliyemwita mchawi. Hakuwa mchawi. Aliacha kushinda akarudi kuniokota." Mzee Kashindi alikuwa amefunika uso kwa kofia. Binamu yangu mkubwa alinivuta kitenge niketi. Kocha Amuri alitazama chini, akasema neno moja tu, "Ehee," na sauti yake ilikuwa imechoka.

Chakula kilipogawiwa, Furaha alitoka nyuma akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu nami. Watu walitupisha kidogo. "Umesema vizuri," akaniambia. "Aksanti." Kisha, akiwa anatazama mikono yake yenye unga: "Mama yangu hakusikia. Alikufa mwaka wa tatu toka ile shindano. Kila nilipopanda kumuona alikuwa ananiuliza, mwanangu, ile sindano, nani alikupatia?"

Niliomba radhi, na radhi ikasikika ndogo, ya mtoto. Basi nikachukua sahani yangu, ile bugali aliyoisonga mwenyewe, na samaki wa mukeke juu yake, nikaiweka katikati yetu kama tulivyokuwa tukiweka sinia la mihogo, nikamwambia tule. Furaha alinawa. Aliikausha mikono pole pole kwenye kitenge, kidole kwa kidole, akaitazama sahani, akanitazama.

"Onja weye kwanza," akasema.

Hakuwa anatania. Nilimega tonge, nikachovya, nikala. Aliniangalia mpaka nikameza, ndipo akanyoosha mkono.